Safari ya Kurudi Tupu

Mteja wa kwanza Jumatatu ile alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka kumpeleka mkewe kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa kwa siku mbili, kwa kuwa walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na alitaka waende kwa ndege ya kukodi, wao peke yao, bila foleni na bila watoto wa watu wanaolia kiti cha nyuma. Aliketi mbele ya meza ya mkadiriaji, kofia mapajani, akasubiri kuambiwa bei kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Mkadiriaji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Ofisi nzima ilimwita Dada Bei, hata meneja, ambaye alimzidi umri. Alichukua karatasi, akaandika mistari minane kwa mwandiko wa taratibu, kisha akaigeuza imtazame mteja.

"Hii ndiyo bei ya saa ya kuruka," alisema akionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mafuta yamo humo humo, ila yakipanda tunaongeza. Hii ni ada ya kutua. Hii ya maegesho. Hii ya wahudumu wa uwanjani. Marubani wakilala huko, chumba na posho ni juu yako. Hapa kuna vinywaji, hapa kodi. Na huu wa mwisho ni safari ya kurudi tupu."

"Anayerudi tupu ni nani?"

"Ndege. Ikishawashusha inarudi hapa. Siku ya kuwachukua inakuja tena tupu."

"Kwa hiyo nalipia viti ambavyo hakuna aliyekalia."

"Unalipia ndege, mzee. Hairudi kwa miguu."

Mwenye duka alicheka. Kisha akaona jumla, akaikunja karatasi mara nne, akasema atakwenda kushauriana na mkewe, ingawa dakika kumi kabla alikuwa amesema mkewe asijue lolote.

Wengi walikwama hapo hapo, kwenye mstari wa kurudi tupu. Dada Bei alikuwa ameueleza kwa miaka kumi na mmoja, kwa wachimba madini, wachungaji, wanasiasa na mabwana harusi. Wiki yake ya kwanza kazini alipiga hesabu akakuta saa moja ya kuruka ni mshahara wake wa miezi kumi na minne. Hakuipiga tena hesabu hiyo.

Mteja mmoja tu hakuwahi kuuliza. Huyo alikuwa Mwenyekiti wa bodi ya hospitali ya mji wa mlimani. Aliishi hapa mjini, na kila Jumanne saa mbili asubuhi alipanda ndege ya viti vinane kwenda kwenye vikao, dakika hamsini angani. Maegesho ya kule yalikuwa madogo, kwa hiyo ndege ilimshusha ikarudi saa ile ile, ikamfuata Alhamisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyewasalimu wafagizi kabla ya marubani.

Jumanne ile ndege ilirudi saa nne asubuhi. Kepteni aliingia ofisini, miwani ikining'inia kifuani, akaweka fomu ya mafuta mezani.

"Nimechoma zaidi kurudi kuliko kwenda," alisema. "Ndege tupu hainywi hivyo."

"Upepo?"

"Upepo ulikuwa mgongoni. Ni abiria. Nina marehemu watatu kule nyuma."

Dada Bei alitazama orodha ya abiria. Safari ya kurudi haikuwa na jina hata moja.

"Hawajaandikwa," alisema.

"Marehemu hawaandikwi kwenye orodha. Walio ndani ya jeneza wanaandikwa kwenye karatasi ya mizigo. Hawa wamekaa, na mikanda wamefunga wenyewe."

Alichukua daftari akatoka nje. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha bawa, wamevaa mashati ya hospitali yanayofungwa kwa nyuma, kila mmoja akishika la kwake kwa mkono mmoja lisifunguke. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, wa pili mama fundi cherehani, wa tatu dereva wa greda. Mwalimu ndiye aliyesema kwa niaba yao. Alizungumza moja kwa moja hadi mwisho bila kuvuta pumzi, maana hakuwa na haja nayo tena.

"Samahani mwanangu tuliona mlango uko wazi na viti vitupu na daraja la barabara ya chini limekatika kwa mvua na basi linalozunguka kwa saa kumi na nne lilitukataa kondakta akasema hachukui maiti bila kibali, na sisi watoto wetu wako huku mjini."

"Mlifariki lini?"

"Mimi Jumapili. Mama huyu jana saa tatu asubuhi, na bwana huyu jana mchana. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja kwa wodi nzima. Ukiisha, umeisha."

Dada Bei aliandika watatu, akaandika na uzito wao kwa kukisia. Kwenye geti mlinzi aliwapekua kama kawaida, hakuwakuta na kitu, akawafungulia. Fundi cherehani alimuuliza njia ya kwenda sokoni. Mlinzi alimwelekeza, akamwambia avuke kwenye taa.

Meneja aliposikia, alitaka kujua jambo moja tu, nani analipia hayo mafuta.

"Kwa mkataba, safari ya kurudi ni ya mteja," alisema Dada Bei. "Iwe na kitu, isiwe na kitu."

"Basi ongeza mstari."

Akauongeza. Mstari wa tisa aliuita Uzito wa Kurudi. Ili kuuingiza ilibidi afungue jalada la Mwenyekiti kwenye kompyuta, na hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye jina la mlipaji, jina ambalo alikuwa ameliandika kwenye ankara ishirini na tatu bila kulisoma. Mlipaji alikuwa Mfuko wa Mtambo wa Oksijeni.

Akachukua simu akampigia mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Alikuwa ameolewa kule mlimani na fundi wa pampu za maji, na alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Moyo wake ulikuwa na hitilafu tangu utotoni. Mimba ilipokua ikauelemea, na sasa alikuwa na siku ya nne wodini.

"Usiwe na wasiwasi, dada," Kitinda alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Wanatuwekea hewa… kwa zamu. Zamu yangu… asubuhi. Mchana najikaza tu."

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko hapa. Ananipepea na kadi yangu… ya kliniki. Anadhani inasaidia."

Wakacheka wote wawili, Kitinda kwa shida, Dada Bei kwa kumfuatisha.

Siku tatu baadaye mwalimu mstaafu alirudi ofisini. Alisema mkwewe bado hajamzoea, kila akigeuka anamkuta amekaa sebuleni hapumui, na mwanawe amemwomba mchana awe anatokatoka. Dada Bei alimpa kiti cha wateja. Marehemu yule alikuwa mwepesi wa kusoma karatasi, na baada ya saa moja aliomba aonyeshwe jalada la Mwenyekiti. Alisoma mstari kwa mstari, mdomo ukichezacheza, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Mtambo ni bei gani?" aliuliza.

Bei ilikuwepo, kwenye barua ya zamani iliyoambatanishwa kuthibitisha kwamba mfuko una fedha. Mwalimu aligeuza nyuma ya fomu tupu ya mafuta akakokotoa kwa kalamu ya risasi. Hakuchukua muda.

"Safari kumi na tisa," alisema. "Mmeshafika ishirini na tatu. Mtambo tumeshaununua, mwanangu. Tumeuchoma tu."

Alirudisha kalamu mezani, akailaza sambamba na rula. Dada Bei aliikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba. Hakulala vizuri siku hizo, na asubuhi alifika kazini mapema kuliko wafagizi.

Jumanne iliyofuata alimkuta Mwenyekiti kwenye chumba cha kusubiria, akinywa chai bila sukari, fulana ya sufu chini ya koti kwa sababu mlimani kuna baridi. Aliomba nafasi ya kumweleza gharama zake, na Mwenyekiti akamsogezea kiti kwa mkono wake.

Alimweleza zote tisa. Alimweleza saa ya kuruka, na kwa nini saa haianzi ndege inapoacha ardhi bali magurudumu yanapoanza kusogea. Alimweleza kwamba Jumanne analipia mara mbili na Alhamisi mara mbili, hivyo kwa kila kikao ndege inaruka mara nne na yeye anapanda mara mbili. Alimweleza Uzito wa Kurudi, umetoka wapi, na wale watatu walikuwa nani. Mwisho akafungua ile karatasi ya mwalimu akaiweka kando ya kikombe.

Mwenyekiti alisikiliza bila kumkatiza. Akavaa miwani akasoma hesabu hadi chini.

"Nimeelewa," alisema. "Nakwambia kweli, dada, hakuna aliyewahi kunifafanulia vizuri namna hii. Hata mhasibu wetu."

"Kuna ndege ya abiria kila Jumanne, Mwenyekiti. Kiti kimoja."

"Inafika saa saba. Kikao kinaanza saa tatu." Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Ngoja na mimi nikueleze. Mtambo hauwezi kununuliwa bila bodi kupitisha. Bodi haiwezi kupitisha bila kikao. Kikao hakiwezi kukaa bila mwenyekiti, na mwenyekiti ni lazima afike. Kufika kuna gharama. Kila gharama ina saini mbili, yangu na ya katibu. Ukikuta hata moja haina, niletee."

Alisema hayo bila hasira na bila kuona haya, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Dada Bei aliikunja tena karatasi ya mwalimu.

"Nina ombi," alisema. "Mdogo wangu amelazwa hospitalini kwenu. Moyo, na ni mjamzito. Huku kuna oksijeni. Barabara haipitiki, kwa basi la kuzunguka hatafika, na ndege ya abiria haipakii mjamzito wa miezi hiyo. Wiki ijayo ndege ikirudi tupu, naomba apewe kiti kimoja."

"Pole sana. Ana miezi mingapi?"

"Minane kasoro."

"Pole sana," Mwenyekiti alirudia, na ilionekana ana maana hiyo. "Nitalipeleka kwenye bodi. Nikikubali peke yangu itakuwa upendeleo."

Ndege iliondoka, ikarudi na marehemu wawili. Kitinda hakuwemo. Dada Bei aliwaandika, akaenda chooni akanawa uso.

Wiki ile Kitinda alihamishwa kitanda akawekwa karibu na mlango, ambako muuguzi angeweza kumwona. Simu zikawa fupi. Ijumaa aliyezungumza ni shemeji, fundi wa pampu, mtu ambaye kwa kawaida alisema maneno matano kwa siku.

"Shemeji, mimi najua pampu," alisema. "Najua kitu kikitaka kuzima kinalia vipi. Kama kuna namna, fanya."

Namna iliyokuwepo ni orodha ya abiria. Orodha ilichapwa na Dada Bei mwenyewe. Jumatatu mchana alilichapa jina la mdogo wake kwenye safari ya kurudi, herufi kubwa, namba ya kitambulisho, uzito kilo sitini na nne. Akampigia shemeji, akamwambia saa mbili na nusu wawe kwenye kiwanja cha mlimani, wachukue gari lolote. Akamwendea Kepteni.

"Mimi nitambeba," Kepteni alisema. "Nina mabinti. Ila aliye hai haingii bila saini ya mwenye safari. Yule ofisa wa kule anawahesabu walio hai mmoja mmoja. Marehemu wala hawatazami."

Jumanne, saa mbili kasoro dakika tano, orodha ilikuwa juu ya meza ya chumba cha kusubiria. Mwenyekiti alisoma. Aliposoma jina la Kitinda alitoa kalamu ya wino, akachora mstari mnyoofu katikati ya jina, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akaweka herufi zake za saini pembeni, kama inavyotakiwa mtu akifuta kitu kwenye hati.

"Bodi haikufika kwenye ajenda hiyo," alisema. "Tulimaliza muda kwenye mengineyo. Na bima, dada. Akipata tatizo angani ni mfuko utakaodaiwa. Hizi ni fedha za wagonjwa, nikiruhusu mmoja nitawajibu nini wengine?"

"Viti ni vitupu, Mwenyekiti."

"Si vitupu, nasikia. Kuna wanaopanda."

"Hao wamekufa."

"Ndiyo," alisema Mwenyekiti. "Hao hawahitaji bima."

Alimpa mkono wa kwaheri kwa mikono miwili, akaenda kupanda. Dada Bei alipiga simu ya shemeji mara sita ikawa haipatikani, maana kule njiani mtandao hushika kwenye vilima tu.

Mengine alisimuliwa na Kepteni. Walifika kiwanjani wamechelewa, Mwenyekiti ameshakwenda kikaoni, kwenye gari la kubebea mabomba, Kitinda amelazwa kwenye godoro nyuma, amefunikwa koti la mumewe. Shemeji alimbeba mikononi hadi chini ya ngazi. Ofisa wa kiwanja alifungua orodha, akaweka kidole kwenye jina lililokatwa, akamgeuzia shemeji aone mwenyewe. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kikao. Walisubiri dakika ishirini na mbili. Wakati huo marehemu watano walikuwa wamejipanga nyuma yao, na kwa kuwa ngazi ni nyembamba waliomba njia kwa heshima. Kitinda mwenyewe alimwambia mumewe asogee, asiwazuie watu. Ndege ikafungwa mlango. Kepteni alipogeuza pua ya ndege aliwaona bado wamesimama, mwanamume amembeba mwanamke.

"Nimeandika dakika ishirini na mbili za kusubiri," Kepteni alisema. "Zina malipo. Nilidhani ni vizuri uzijue."

Dada Bei alizijumlisha kwenye ankara. Namba ya pili ilitoka vibaya, akairudia.

Jumanne iliyofuata hakutoka nje ndege ilipotua. Alibaki mezani akitazama dirishani. Alishuka mzee mmoja, wakashuka wanawake wawili walioshikana mikono, akashuka mtu mnene aliyekuwa akitafuta viatu vyake. Kisha akashuka Kitinda. Alishuka upesi upesi, kama alivyokuwa akishuka ngazi za shule, na tumbo lake lilikuwa limetulia chini ya shati la hospitali.

Dada Bei aliandika kilo hamsini na tisa. Ndipo alipotoka.

"Umepungua," alisema.

"Nimejifungua," alisema Kitinda. "Jumamosi alfajiri wakanipasua mtoto akatoka mzima ni wa kiume ana kilo mbili na robo wamemweka kwenye sanduku la joto na bomba puani, mimi mtungi wangu ukamfuata yeye, nilimwambia muuguzi ampe na muuguzi akampa."

Yote hayo aliyasema kwa mkupuo mmoja. Dada Bei alikuwa hajapata kumsikia mdogo wake akisema sentensi ndefu hivyo bila kukatika, tangu walipokuwa watoto. Alimkumbatia. Alikuwa wa baridi kidogo, si sana, kama shuka iliyoanikwa asubuhi. Kepteni alipita pembeni na begi lake, akavua kofia, akaendelea na safari yake.

Meneja alimruhusu Dada Bei kuondoka saa sita. Mlinzi alimpekua Kitinda, akamkuta na kadi ya kliniki mkononi, akaitazama mbele na nyuma akamrudishia.

Alhamisi Mwenyekiti aliporudi alipitia ofisini kabla ya kwenda nyumbani. Alikuwa ameambiwa. Alisimama mbele ya meza, mikono mbele, akatoa rambirambi zake. Alisema kikao kilisimama dakika moja kwa ajili ya marehemu wote wa robo mwaka, na kwamba imeandikwa kwenye kumbukumbu. Kisha akauliza kama kampuni ina ndege yenye viti kumi na viwili, kwa sababu sasa safari ya kurudi ilikuwa inajaa, na Alhamisi akipanda anakuta mikanda imefungwa vibaya na ndani kunanukia dawa.

"Ipo," Dada Bei alisema.

"Nifanyie makadirio."

Alimfanyia. Saa ya kuruka ilikuwa kubwa zaidi kwa theluthi, ada ya kutua nayo zaidi, kwa kuwa hutozwa kwa uzito. Mwenyekiti alisaini bila kuuliza mstari wowote, maana sasa alikuwa anaielewa yote. Meneja akaagiza keki kwa ajili ya mkataba mpya, na Dada Bei alikata kipande chake akakifunga kwenye karatasi, hakukila.

Watu wachache walimuuliza kwa nini haachi kazi. Mwalimu mstaafu alimuuliza pia. Alimjibu kwamba asipokuwepo yeye hakuna atakayejua nani ameshuka. Aliandika barua tatu, moja kwa bodi, moja kwa mkaguzi, moja kwa ofisi iliyo juu ya mkaguzi, na kila moja aliambatanisha ile hesabu ya safari kumi na tisa. Bodi ilijibu kwamba imepokea. Mkaguzi alijibu kwamba saini zote zipo. Ofisi ya juu ilipiga simu, ikataka kujua bei ya kukodi ndege kwenda mlimani kufuatilia suala hilo, watu wanne, kwenda na kurudi.

Kila Jumatatu alichapa kwenye orodha ya kurudi abiria mmoja aliye hai. Mtoto hakuwa amepewa jina bado, kwa hiyo alimwandika mtoto wa Kitinda, akaweka na uzito kama shemeji alivyomwambia kwenye simu, kilo mbili na robo, kisha kilo mbili na robo tena, kisha kilo mbili na gramu mia moja. Kila Jumanne Mwenyekiti alitoa kalamu ya wino akachora mstari wake mnyoofu, akaweka saini pembeni, akamuuliza Dada Bei hali ya nyumbani.

Nyumbani Kitinda alikuwa amekaa jikoni, kwenye kigoda karibu na dirisha. Hakula, hakulala, wala hakuwa mzigo kwa mtu. Alijifunza kutoa chafya ya uongo akiingia mtu asije akamshtua. Wanawake wa nyumba ya jirani walileta nguo za mtoto, maana zilikuwa zimeshanunuliwa na hawakujua wazipeleke wapi, naye alizifua, akazianika, akazikunja, akazifua tena.

Jumanne ya kwanza ya ndege kubwa, Dada Bei alirudi saa kumi na moja jioni. Alivua viatu mlangoni, akaweka mkoba mezani, akanywa maji amesimama. Kitinda alimwacha amalize glasi.

"Wangapi leo?" aliuliza.

"Tisa."

Kitinda alinyoosha kifulana kidogo juu ya goti lake, akasawazisha mikono yake miwili kwa kiganja.

"Wakubwa?"

"Wote wakubwa."

"Haya," alisema Kitinda, akachukua kifulana kingine.